"Hardly" si kwa bidii, jamani

Kimetundikwa kibao kingine Shela, hata rangi haijakauka: "Our crew works hardly for you." Mgeni akikisoma ataelewa kwamba mabaharia hao kazi hawafanyi, na wakifanya ni ya kubabaisha tu.

Mimi husahihisha matangazo ya nyumba za wageni na safari za mashua hapa Lamu, na utetezi huwa ule ule: chukua kivumishi, bandika -ly, umepata kielezi. Quick imezaa quickly, basi hard imezaa hardly. La! Kielezi cha hard ni hard yenyewe: "they work hard". Fast nayo vivyo hivyo. Fastly haipo, yaishe.

Hardly imebeba ukanushi tumboni ingawa not huioni. "There is hardly any wind": upepo ni wa kutafuta, tanga limenywea. Kwa hiyo usiiongezee not. "I can't hardly hear you" utaisikia kwa wenye lugha yao wenyewe, lakini kibaoni usiiandike. Anayebisha namwambia atazame swali la mkiani: "He hardly eats, does he?" Ni does, si doesn't, kwa sababu sentensi imeshakanusha. Ikitangulia mwanzoni, inapindua mpangilio: "Hardly had we left the jetty when it rained." Hapo ni when, than ni ya no sooner.

Ila lipo linalonitia shaka nikikemea watu. Zamani hardly ilimaanisha kweli kwa nguvu, kwa ukali. Ikateleza ikawa kwa shida, kisha ikawa karibu na hapana. Mwenye kibao hana ujinga, amechelewa karne kadhaa tu.

Sasa herufi H, maana macho hudanganya huko pia. A au an huamuliwa na sikio. "A hotel", lakini "an hour", "an honest man", kwa kuwa H hiyo haitamkwi. Mwingereza husema "a herb", Mmarekani "an herb", na wote wako sawa. Vitabu vya zamani vina hata "an hotel". "An historic town" mimi siipendi, lakini siifuti. Wapo wasomi wanaoiandika.

Na jina la herufi yenyewe? Ukiita "eich", andika "an HIV test". Ukiita "heich", andika "a HIV test". Wakaguzi wengi watakukatia hiyo ya pili. Mimi sikukatii, mradi usizichanganye kwenye ukurasa mmoja.