Grupu (jenereta) ndani ya duka: kuiinua juu ya matofali hakukulindi

"Gesi inakaa chini, ndiyo maana tumeweka grupu juu ya matofali." Karibu kila tunapopita kukagua maduka ya Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, nayasikia maneno haya. Yananisumbua kuliko dhana nyingine zote, kwa sababu anayeyasema amejaribu kweli kujilinda.

Yanatoka kwenye mazuku, ambayo hapa Goma kila mtu ameonywa tangu utotoni. Mazuku ni kaboni dioksidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa. Inajaa mabondeni na kwenye mashimo, hata mbuzi au mtoto akaanguka pale ambapo mtu mzima aliyesimama bado anapumua. Moshi wa grupu una gesi nyingine, kaboni monoksidi, nyepesi kidogo kuliko hewa. Inaenea chumba kizima, chini hadi darini. Matofali hayasaidii, meza haisaidii.

"Lakini mama, mlango uko wazi, na hatusikii harufu." Maduka mengi pale ni marefu na yana mlango mmoja wa mbele. Grupu imefichwa nyuma kwa kuogopa wezi, ukuta umekuwa mweusi kwa masizi, mifuko ya unga imeegemea hapo hapo, na kijana wa duka amekaa katikati. Gesi inazalishwa haraka kuliko inavyotoka. Yenyewe haina rangi wala harufu; unachonusa ni esansi (petroli) na masizi. Inashika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, magoti yanalegea, na mtu anaenda kununua dawa ya malaria. Jiulize: wenzako dukani nao wanaumwa kichwa? Mkitoka nje kinapoa? Basi chunguzeni grupu kwanza.

Itoeni nje, mita 6 au zaidi, bomba la moshi lielekee mbali na milango na madirisha, yenu na ya jirani. Kuhusu wezi, fundi wa kuchomelea awatengenezee kizimba cha nondo chenye mnyororo, bati juu tu, pande zote wazi. Nitaendelea kulisema hili duka kwa duka.

Makala (makaa) yaliyokolea bila moshi nayo si salama ndani. Kaa jekundu linatoa gesi hiyo hiyo, kwa hiyo mbabula (jiko la makaa) ibaki nje. Barakoa haizuii gesi.

Kunywa maziwa hakuiondoi gesi damuni. Aliyezidiwa atolewe kwenye hewa safi na apelekwe hospitali apewe oksijeni. Mwambieni daktari kwamba kulikuwa na grupu, maana kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati damu imejaa gesi.

Wengine wananionyesha Nyiragongo, mlima wetu wa volkano: ule ndio moshi! Kweli, mlima unatoa dioksidi ya salfa nyingi, lakini inatokea juu sana na upepo unaibeba. Grupu yako inatoa moshi penye pua ya mteja.

Na wewe unayetuonyesha risiti ya kodi ili tusiingie: inaonyesha tu kwamba umelipa kodi. Haituzuii kuingia hadi nyuma ya duka, na tukikuta grupu inanguruma ndani, tutaagiza izimwe palepale.