“Ami, Niongeze Manyoya”: Mambo Wanayoyakosea Wanunuzi wa Chambo cha Kufunga

Ijumaa baada ya sala alinijia kijana mmoja hapa Tumbe, Pemba. Akachukua chambo bandia cha manyoya ya kuku nilichokifunga kwenye ndoana asubuhi, akakigeuza, akakipuliza manyoya yakasimama, kisha akanirudishia. “Ami, chembamba hichi. Niongeze manyoya, kijae.”

Maneno hayo nayasikia kila wavuvi wa kurambaza, wale wanaovuta chambo nyuma ya chombo, wanapojiandaa kutoka, na nimechoka kuyajibu mdomo mmoja mmoja. Basi leo nayaandika.

Chambo kikavu mkononi ni kitu kimoja, chambo hicho hicho majini ni kitu chengine. Kikiwa kikavu, kila unyoya umejitenga na mwenzake, katikati pana hewa, na jicho linafurahi. Kikirowa, manyoya yote yanalala. Yakiwa machache, maji yanapita baina yao na kila moja linacheza lake. Yakiwa mengi yanagandana, yanakuwa kama brashi ya kupakia chokaa: ukivuta linakuja pande zima, halitikisiki. Sehewa, samaki wa ukoo wa jodari, au jodari mwenyewe aliye mbioni hana nafasi ya kuhesabu manyoya. Anachokiona ni umbo jembamba linalotetema na kumeta mara moja moja, kwa sababu chakula chake ndivyo kilivyo. Mtazame dagaa mbichi ukimwinua juani: hafiki unene wa kidole chako cha mwisho, na ubavuni mwanga unapenya. Huyo ndiye tunayemuigiza. Sasa wewe unataka nikufungie kuku.

Tena manyoya mengi hubeba hewa. Upepo ukishika tanga na ngalawa ikapata mwendo, chambo kinapanda juu kinarukaruka kama gome la nazi, na mvuvi anasema leo hakuna samaki.

Kwa ndoana ya sehewa mimi hufunga manyoya 4, yakizidi 6, ya shingo ya jogoo, maana hayo ni marefu, membamba na magumu kidogo. Ya kuku jike ni laini mno, yanajinamia. Chini yake singa chache za mkia wa mbuzi. Basi. Na kuna jambo ambalo hata wanaofunga wenyewe hulipuuza: unyoya una mgongo, upande uliobenuka, na una tumbo, upande uliobonyea. Ukiyapanga yote yamepindia upande mmoja, chambo kitazunguka kama pia na mshipi utajisokota mpaka uje kunilaumu mimi. Yapange jozi jozi. Tumbo kwa tumbo, yanatoa umbo la samaki mwembamba anayekwenda sawa. Mgongo kwa mgongo, yanafunguka ukilegeza mshipi na kufumba ukivuta, kama kitu kinachopumua. Hii ya pili naipenda zaidi, hasa unapovuta kwa mkono na kuachia.

Chini ya meza yangu nina beseni. Nikamfungia yule kijana alichokitaka, manyoya 20 kwa hesabu, nikavitia vyote viwili majini, nikaviminya kwa vidole mpaka vikarowa, nikampa mshipi avute mwenyewe. Cha kwake kilielea kwanza, kisha kikaja kimelala ubavu. Changu kilizama taratibu na kuja kinatetema. Akavuta mara tatu. Akakaa kimya. Halafu: “Lakini ami, nikitoka na hichi wenzangu watanicheka.” Akachukua kinene. Nilimtoza zaidi, maana manyoya 20 ni manyoya 20, na majirani wenye majogoo wameanza kunitazama vibaya.

Wanaoshikilia rangi ya chambo nao wana yao. “Nyekundu ndiyo inayovuta, si ndiyo rangi ya damu?” Maji humeza wekundu kabla ya rangi nyengine, ukishuka mita chache tu, chambo chako chekundu kimekuwa kijivu kinachokaribia weusi. Buluu ndiyo inayofika mbali, na ndiyo maana mkondo wetu huu wa Pemba, kwenye kina kikubwa, una rangi ile. Samaki anayekitazama chambo kutoka chini, nyuma yake pana anga, anaona kivuli. Ndiyo sababu alfajiri na magharibi mimi hutoka na cheusi, kwani kivuli chake ni kizito. Jua likipanda, mgongo wa kiza na tumbo jeupe. Ama wavuvi wa ngisi wanaogombania chambo bandia cha waridi, wajue kwamba ngisi karibu wote hawatambui rangi kabisa. Anachokiona ni mwanga, kiza na mwendo.

Kuna wanaoniletea simu. “Nifungie kama hivi.” Wanachonionyesha ni nzi bandia wa trauti, samaki wa mito ya baridi, wapo hata jirani hapo Kenya, kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare, walikoletwa tangu 1905. Kazi nzuri, siikatai. Lakini yale manyoya yaliyozungushwa ndoana kama ufagio yamewekwa ili nzi asimame juu ya maji ya mto, achukuliwe na mkondo. Ukimrambaza baharini anazunguka tu. Anayetaka kujifunza kwa trauti ajifunze hili: nao wanafunga kwa uchache.

Kufungia nyuzi za mfuko wa salfeti, ule wa plastiki uliofumwa, badala ya manyoya ni kimaskini? Hapana. Zinang'aa, hazioti ukungu, haziozi. Kasoro yake ni kuelea, basi tia chubwi, kile kizito cha kuzamishia, mbele.

Nguru akikata mshipi, chambo hakina kosa. Ana meno. Weka waya.

Supaglu haifungi chambo. Ikikauka inakuwa kama kioo, samaki akigonga inapasuka. Funga kwa uzi uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, acha nafasi ya kutosha nyuma ya tundu la ndoana ili mshipi upate pa kufungwa, na mwisho uzungushe uzi juu ya mkia wake wenyewe mara 5 au 6, ndipo uvute ncha ipite chini ya mizunguko. Juu yake paka rangi ya kucha mara mbili. Mke wangu ameshazoea.

Na ndoana. Wanasema kubwa ndiyo inayoleta mkubwa, ilhali jodari wa kilo nyingi anashiba kwa dagaa. Kabla ya kuniuliza habari ya ukubwa, iweke ncha juu ya ukucha wa dole gumba na uivute polepole. Ikiteleza, leta tupa, tuinoe kwanza.