Kijapani cha Mtihani na Kijapani cha Mafunzo Tarajali

Mwaka 2013, katika mkutano wa tano wa TICAD, yaani mkutano wa kimataifa kuhusu maendeleo ya Afrika, uliofanyika Yokohama, serikali ya Japani ilitangaza mpango wa ABE Initiative wa kuwapa vijana 1,000 wa Afrika nafasi ya kusoma katika vyuo vikuu vya Japani na kufanya mafunzo tarajali katika kampuni za huko. Masomo yao kwa kawaida huwa kwa Kiingereza, lakini katika kampuni nyingi barua, vikao na simu huwa kwa Kijapani, na hapo ndipo kazi yangu ya kuwaandaa vijana huanzia.

Wengi hunijia na cheti cha JLPT, mtihani wa lugha ya Kijapani wenye ngazi tano kuanzia N5 ya chini kabisa hadi N1 ya juu kabisa. Ninauheshimu, ila hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza tu. Hauna sehemu ya kuzungumza wala ya kuandika insha. Kwa hiyo kijana mwenye N2 anaweza kusoma gazeti vizuri na bado akakosa la kusema simu ya ofisini inapolia.

Simu ndiyo ninayoitumia muda mwingi kuifundisha. Sisi tumelelewa kumtaja mkubwa kwa heshima mbele ya yeyote, hivyo mteja akimwulizia mkuu wa kitengo, mtarajali hutaka kusema "Tanaka-san", kwa kiambishi cha heshima "san". Kijapani kinamtaka aseme *Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu*, yaani Tanaka hayupo mezani kwake kwa sasa, bila "san" wala cheo, na kwa kitenzi *orimasu* cha kujishusha, kwa sababu mbele ya mtu wa nje kampuni nzima huhesabiwa kuwa nyumba moja, na mtu hajikwezi kwa kuwakweza watu wa nyumbani kwake. Wanafunzi wangu huona ugumu hadi niwakumbushe mwenyeji anayemwambia mgeni "karibu kibandani kwetu" ilhali anaishi katika nyumba ya ghorofa. Hapo huelewa kwamba unyenyekevu huo wanaujua tangu utotoni, ila hawakuwahi kuupeleka ofisini.

Kuna pia urefu wa irabu. Kiswahili huvuta kidogo silabi ya pili kutoka mwisho bila kubadili maana, lakini kwa Kijapani Ono na Oono ni majina mawili ya ukoo tofauti. Nilipokuwa mtarajali niliwahi kumpelekea mmoja ujumbe uliokuwa wa mwingine, na mteja akasubiri jibu siku nzima. Tangu hapo ninamtaka kila mwanafunzi alirudie jina kabla ya kukata simu na kuuliza linaandikwa kwa kanji zipi, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina.

Kuhusu kutoa taarifa, Wajapani hufupisha *houkoku*, *renraku* na *soudan*, yaani kuripoti, kuarifu na kuomba ushauri, kuwa *hourensou*, neno linalotamkwa sawasawa na jina la mboga ya spinachi. Kijana anayenyamaza hadi kazi ikamilike, akidhani kuuliza ni udhaifu, humtia msimamizi wake wasiwasi.

Tarajali za kijamii, kwa mfano katika ofisi za manispaa, zinahitaji ujuzi wa namna nyingine, na ndizo zilizo karibu zaidi na moyo wangu. Baada ya tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, ilionekana kwamba wageni wengi hawakuelewa matangazo ya dharura, na watafiti, akiwemo Sato Kazuyuki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki, wakaendeleza *yasashii nihongo*, Kijapani chepesi. Tangazo la *takadai ni hinan shite kudasai* huwa *takai tokoro ni nigete kudasai*, yaani kimbilieni mahali pa juu. Na *dosoku genkin*, marufuku kuingia na viatu, huwa ombi la kawaida la kuvua viatu.

Katika kazi hii aliyejifunza Kijapani ukubwani huwa na faida ambayo mzawa hana, kwa kuwa bado anakumbuka neno lipi lilimlemea. Ninawapa wanafunzi wangu tangazo la kutenganisha taka au la chanjo ya watoto, wanaliandika upya, kisha wanamsomea mwenzao wa ngazi ya N4 bila kumwonyesha karatasi. Kila neno analosita kulielewa hurudi mezani, na wanaendelea hivyo hadi asiulize chochote.