Ukanda wa kingo za mto, na mahali pa kupitisha njia ya matembezi

Ukanda wa kingo ni ile ardhi ya pande mbili za mto inayoishi kwa unyevu wake: penye matete, mikuyu, nyasi ndefu, na udongo unaofunikwa mto unapofurika. Mimea hiyo hupunguza kasi ya maji ya mvua, hunasa tope na taka kabla hazijaingia mtoni, na mizizi yake hushika udongo usimomonyoke.

Sheria inaulinda. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nchini Kenya, kanuni za maji za 2007 ziliweka kati ya mita 6 na 30 kila upande, kwa kutegemea upana wa mto. Kwa hiyo anayepanga njia ya kutembea au ya baiskeli anabisha hodi mahali palipohifadhiwa. Kwangu mimi akaribishwe, maana mto usiofikika hugeuka jalala. Ila aingie kwa adabu.

Kosa kubwa ni kuibana njia ukingoni mwanzo hadi mwisho. Udongo unaokanyagwa kila siku hushindiliwa. Mvua haizami tena, hutiririka juu yake na kuchimba mfereji, na tope lote huishia mtoni. Pakiteleza, watu hukwepa pembeni, na njia ya mita moja inakuwa ya mita tatu. Afadhali njia ikae mbali kidogo, ikate mteremko kwa ubavu badala ya kuushuka wima, iinamishwe kidogo upande wa bondeni ili maji yatawanyike, kisha iyasogelee maji sehemu chache tu zinazohimili miguu mingi, kama penye mwamba. Katika Msitu wa Karura, Nairobi, wengi huenda kuona maporomoko na mapango. Ukishajua watu wanafuata nini, huna haja ya kuwapitisha kila mahali.

Ukingo wa udongo uliosimama wima, mtupu, humshawishi mhandisi auzibe kwa saruji. Lakini ndege aitwaye mdiria huchimba humo tundu lake la kutagia. Pabaki hivyo hivyo, na njia ipitie mbali.

Madaraja nayo: nguzo zikae nje ya mkondo, la sivyo zitanasa magogo na taka na kuyapandisha maji. Taa za usiku kucha sizipendi; huwasumbua popo na wadudu, na matembezi mengi ni ya mchana.

Tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla mstari haujachorwa, na mpangaji autembelee mto baada ya masika. Mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha jinsi mito midogo ya Nairobi inavyoweza kupanda. Akikuta matambara na chupa zimenasa kwenye matawi juu ya kichwa chake, maji yalifika hapo. Choo na pipa la taka vijengwe juu zaidi ya hapo.