Je, wajua kwa nini sambaza, samaki mdogo wa Ziwa Kivu, angemshinda tembo kwenye sayari nzito?

Watunzi wengi wa hadithi za kisayansi, wakibuni sayari yenye uvutano mkali, huijaza majitu yenye misuli. Fizikia inakataa. Chukua sayari ya kubuni yenye uvutano mara 10 ya huu unaotushikilia hapa Goma, kisha ipelekee wakazi wawili wa Kivu Kaskazini: tembo wa Virunga na sambaza wa Ziwa Kivu. Tembo hafiki jioni. Sambaza, kwa upande wa uzito, hata hatajua kwamba amehamishwa.

Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliliandika jambo hili mwaka 1638. Mnyama akikuzwa mara 2 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hupanda mara 8, lakini unene wa mfupa unaombeba, yaani eneo lake ukiukata kati, hupanda mara 4 tu. Sasa, tembo wa tani 5 kule angekanyaga kama wa tani 50 juu ya mifupa ileile. Ili ahimili bila kubadili umbo, kimo chake cha mita 3 kingepaswa kushuka hadi sentimita 30. Tembo wa kimo cha paka!

Na kabla mifupa haijavunjika, damu ingekuwa imeshagoma. Rubani wa ndege ya kivita asiye na vazi maalumu huanza kuona giza uvutano ukifika mara 4 au 5, kwa sababu moyo unashindwa kuisukuma damu hadi kichwani, mwendo wa sentimita 30 hivi. Kwa mara 10, kuipandisha tu damu hiyo kungedai presha ya 230 hivi, ilhali presha ya kawaida ya juu ni 120. Kuanguka nako: ukidondoka mita 1 kule, unagonga chini kama aliyedondoka mita 10 hapa. Mnyama wa nchi kavu angekuwa bapa, mwenye miguu mingi mifupi, na kuruka asingethubutu.

Sambaza je? Samaki huelea kwa sababu uzito wake unalingana na wa maji anayoyasukuma pembeni. Zidisha vyote viwili kwa 10, mizani haisogei. Kinachobadilika ni mgandamizo. Hapa, kila mita 10 za kina huongeza angahewa moja, yaani mgandamizo sawa na wa hewa kwenye usawa wa bahari. Kule ingetosha mita 1. Mgandamizo wa sakafu ya Kivu, mita 480 hivi chini, ungepatikana kwenye mita 48. Sambaza hupanda usiku na kushuka mchana, na kule kibofu chake cha hewa kingetanuka vibaya kwa kupanda mita chache tu. Ingembidi aache matembezi hayo. (Mgandamizo huohuo ndio unaozuia kaboni dayoksaidi na methani zilizoyeyuka chini ya ziwa letu zisifumuke, kwa hiyo Kivu la kule lingefunikwa vizuri zaidi.)

Wadogo zaidi hustahimili zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walizungusha bakteria kwa kasi hadi wakafikia uvutano mara 400,000 hivi, na baadhi yao waliendelea kukua na kugawanyika. Seli yao ni ndogo mno, na uzito wake haupishani sana na wa majimaji yanayoizunguka.

Kikomo kipo. Juu ya nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa cha nyota kubwa iliyolipuka, uvutano ni mara bilioni 100 hivi, na huko hata atomu hubanwa zikapoteza umbo, kwa hiyo kemia inayotuwezesha kuishi haipo tena.