Kadi ya njano haitengenezi lori lako
Ukifika Tunduma, mpakani na Zambia, hukosi kumsikia dereva akijitapa: “Nina kadi ya njano ya COMESA, hadi Lubumbashi kule Kongo sina wasiwasi.” Angepaswa kuwa nao kidogo. Kadi hiyo ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, iliyoanza kutumika 1987 (na Tanzania bado tunaitumia ingawa tulijitoa COMESA mwaka 2000), ni bima ya watu wengine. Ukimgonga mtu au gari lake huko ugenini, inamlipa kwa kufuata sheria ya nchi hiyo, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wako. Kichwa cha lori lako kikipondeka, hilo ni la bima kubwa, nayo lazima iwe imeongezwa kuvuka mpaka. Na shaba unayorudi nayo? Mzigo una bima yake kabisa.