Variansi ya sampuli ndani ya kanzidata

Muuza mahindi wa soko la Mbuyuni, Moshi, akikuambia magunia yake yana wastani wa kilo 100, bado hujajua unanunua nini. Huenda yote yana kilo 100 kweli. Huenda moja ni la 70 na jingine lumbesa la 130. Variansi ndiyo inayokuonyesha magunia yametawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani huo.

Tuseme umepima matano: 98, 99, 100, 101, 102. Chukua tofauti ya kila moja na 100, uizidishe yenyewe kwa yenyewe: 4, 1, 0, 1, 4. Jumla 10. Kama hayo matano ndiyo mzigo wote, gawa kwa 5, unapata 2. Kama umeyachomoa kwenye lori lililojaa, hiyo ni sampuli: gawa kwa 4, unapata 2.5. Kwa nini 4? Wastani wa lori zima huujui, umetumia wa hayo hayo matano, nao kwa kawaida uko karibu nayo kuliko ule wa lori. Tofauti zinatoka ndogo mno. Kupunguza moja kunafidia.

Kwenye SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye kanzidata (hifadhi ya data), uzito ukiwa jina la safu yenye kilo za magunia, VAR_SAMP(uzito) ni ya sampuli na VAR_POP(uzito) ni ya mzigo wote. Jina la kuogopa ni VARIANCE. Mifumo miwili ya kanzidata hulielewa tofauti: PostgreSQL hulichukua kama VAR_SAMP, inakupa 2.5, MySQL hulichukua kama VAR_POP, inakupa 2. Data ile ile! Mimi siliandiki kabisa.

Pasipo na amri hizo, tumia SUM (jumla) na COUNT (idadi):

(SUM(uzito*uzito) - SUM(uzito)*SUM(uzito)*1.0/COUNT(uzito)) / (COUNT(uzito)-1)

Yaani 50010 kutoa 50000, gawa kwa 4. Hiyo 1.0 usiifute: baadhi ya mifumo ikigawa namba nzima kwa namba nzima hukata desimali. Wala usiweke COUNT(*), maana gunia ambalo halijapimwa lina NULL, yaani thamani haipo. SUM inaliruka, COUNT(*) inalihesabu. Na gunia likiwa moja tu unagawa kwa sifuri, ndiyo maana VAR_SAMP hapo hurudisha NULL.

Angalia tena 50010 na 50000: namba kubwa mbili zinazokaribiana. Pima kwa gramu, tumia desimali za kuelea (namba ambazo kompyuta huzihifadhi kwa tarakimu chache tu), na zikitolewa tarakimu za mwisho zinaweza kupotea. Nyakati nyingine hata jibu hasi hutokea. Dawa ni kupunguza kilo 100 kwenye kila uzito kabla ya kuanza kujumlisha. Variansi haibadiliki, ila sasa unatoa 0 kwenye 10.